Mpasuo wa Sentimita Kumi na Saba

Chini ya jengo letu, ngazi zinapoishia,
kuna chumba kisichoitika.
Kuta zake zimeota meno ya sponji ya buluu
yanayotafuna kila wimbi lisirudi.
Piga hodi humo: hodi yako inakwenda, basi.
Humo niliilea antena yangu miezi kumi na minne,
kijiti cha shaba, robo ya wimbi,
urefu wa kidole changu cha kati,
nikiizungusha digrii moja moja
hadi mchoro wake ukatoka mviringo, na tundu katikati,
kama ngata ya kubebea ndoo.
Dakta Priestnall akautazama, akavua miwani.
"Sasa itoke nje," akasema, "ikaione Sheffield."

Jiji erevu, ndivyo lilivyoitwa kwenye mabango.
Taa za barabarani zilihesabu magari,
mapipa ya taka yalituma salamu yakishiba,
na katika nyumba mia mbili za halmashauri, kule mlimani,
tulibandika vihisi vyeupe kama vipande vya sabuni
viseme kila robo saa:
joto kiasi hiki, unyevu kiasi hiki.

Mia moja tisini na tisa vikasema.

Cha Bi Ollerenshaw, ghorofa ya saba,
kilinyamaza tangu Novemba.
Nikalaumu kilima. Nikalaumu mvua,
kisha zege na nondo zake,
kisha nikajilaumu mwenyewe, usiku, kwa penseli.
Desibeli thelathini zimekwenda wapi?
Hazidondoki njiani kama chenji.

Lifti ilikuwa mbovu. Nikapanda.
"Ingia, bata," akaniita,
ndivyo watu wa huku wanavyombembeleza mgeni.
Alivaa koti ndani ya nyumba, na kofia ya sufu,
na pumzi yake ilionekana.
Madirisha, ukuta wa kaskazini, mgongo wa kabati,
vyote alikuwa amevivika karatasi ya alumini,
ile ya kuokea kuku,
roli baada ya roli, kingo zimefungwa kwa utepe.
"Inarudisha joto," akasema, kwa fahari ya fundi.

Mama wa watu alikuwa amejijengea ngao
ambayo sisi tungeiombea ruzuku.
Hesabu zangu zilikuwa na herufi ya zege,
herufi ya majani, herufi ya mvua.
Hazikuwa na herufi ya bili ya gesi.
Kitanda nisichokilalia
nilikuwa nimekipima kwa desibeli.

Fomu ilisema: mkazi aelekezwe kuondoa kizuizi.
Nikaomba mkasi.
Akanipa wa kushonea, una uzi mwekundu shingoni.
Nusu ya wimbi: sentimita kumi na saba na chembe.
Nikakata mstari mmoja uliolala, mwembamba kama kope,
dirishani, mbele ya kihisi.
Karatasi ikipasuliwa hivyo, kwa kipimo,
haiwi ukuta tena, inakuwa mdomo.
Joto halikuiona njia. Wimbi liliiona.

Tukanywa chai; ilipoa kabla hatujafika nusu ya kikombe.
Saa tisa na robo simu yangu ikatetemeka.
"Kimesema nini?"
Nikamsomea: nyuzijoto tisa,
unyevu asilimia tisini na moja.
Akacheka hadi akakohoa.
"Hayo ningewaambia mimi," akasema,
"mngebisha hodi."

Dakta anataka mpasuo ule uingie kwenye jarida.
Nimechora kila kipimo. Pa kuandika majina
nimeanza na Ollerenshaw, M.,
na yeye hajauliza ni nani.
Boila, nasikia, iko kwenye foleni.
Kila robo saa ghorofa ya saba inasema,
na jiji linasikia vizuri kabisa:
tisa. Tisa. Nane na nusu.
Nane.