Kiti cha Vizma

Sikio langu la kushoto nililiacha kiwandani,
kati ya nyundo na chuma chekundu, miaka kumi na miwili.
La kulia husikia besi vizuri,
sauti nyembamba kwa kubahatisha.
Kwa hiyo nina mita.
Sioni haya kusema: mzee wa studio
anayesoma sauti kwa macho,
kama mgonjwa wa sukari asomavyo tone la damu yake
kabla ya kugusa mkate.

Liepāja, Februari, saa nane usiku.
Dirishani theluji inashuka bila desibeli hata moja.
Gatis amesimama nyuma yangu na koti lake,
hajalivua, maana yake hakai,
na yuko hapa tangu saa mbili.
"Pandisha," anasema.
Napandisha.
"Wa wenzetu unapiga zaidi."

Plagini imewaka kwenye skrini,
kijani, manjano, halafu nyekundu
kama uso wa mtu aliyeambiwa ukweli mbele ya wakwe.
Hasi kumi na moja. Hasi tisa. Hasi saba.
Kikomo kinakanyaga kila kilele kinachoinua kichwa;
mawimbi yaliyokuwa milima na mabonde
sasa ni ubao,
ubao ulionyooka, wa kupigia pasi.
Upana kati ya mnong'ono na ukelele:
vipimo vitatu. Vitatu tu!
Hata ugomvi wa majirani una zaidi.

Kimya kingi kina mshindo mkuu.
Aliyesema hivyo hakuwa na mita, lakini alipima.
Na mizani ni ileile, ya bucha, ya hakimu, ya beti:
ukijaza sahani zote mbili mawe
hujapima kitu, umebeba mawe.

Nikamwambia, Gatis, mtandao nao una mita yake.
Ukiupeleka wimbo unapayuka, wataushusha
mpaka ulingane na wa jirani,
nawe mabonde yako utakuwa umeyauza bure.
Akanitazama kama ninayemkatalia mkopo.

Nikasawazisha matoleo mawili, kimo kwa kimo,
hapo ndipo mita inapokula mshahara wake kwa haki,
nikamvisha vipokea sauti.

La kwanza: akodioni ya Vizma inaingia kwa mbali,
kama mtu anayefungua mlango asijue kama kuna wageni.
Anavuta pumzi. Kiitikio kinaanguka.
Gatis akarudi nyuma nusu hatua.

La pili: akodioni iko puani tangu mwanzo,
pumzi ya Vizma ni feni ya hotelini,
na kabla tu ya kiitikio, *krii*,
kiti chake, kile cha mbao chenye mguu mfupi,
kikalia kwa ukubwa uleule wa watu wanne waimbao.

"Nini hicho?"
"Kiti."
"Tangu lini kiti kiko kwenye bendi?"
"Tangu saa sita, ulipoanza kusema pandisha."

Mita haikuwa imesema lolote kuhusu kiti.
Kwake kiti na kilio ni nambari.
Nikavua kofia, nikaitundika juu ya skrini,
tukasikiliza, yeye kwa masikio mawili, mimi kwa moja,
kidole kikishusha polepole,
mpaka Vizma akarudi kuwa mbali.
Nilipoondoa kofia: hasi kumi na moja.
Tulipoanzia.

Gatis akachukua matoleo yote mawili, akalipa,
hakusema atatoa lipi.

Mwezi wa Mei, duka la mikate, foleni ya watu watatu.
Juu ya rafu redio, na ndani ya redio wimbo ule.
Sikuweza kujua ni upi; redio hubana kila kitu
mpaka tanzia na tangazo la sabuni vinakuwa kimo kimoja.
Lakini kabla tu ya kiitikio
muuzaji, mkono ukiwa juu ya mkate wangu mweusi,
aligeuka ghafla
kutazama ni nani aliyevuta kiti.