Herufi H

Siku ya kuandikisha ndoa yetu, komini ya Kadutu,
karani alikuwa na njaa, au kalamu yake ilikuwa na njaa:
ilimeza herufi moja ya jina la mume wangu.
Murhula akawa Murula.
Tulicheka. Nani ana haja na h
isiyosikika hata jina likiitwa kutoka mlima hadi mlima?

Miaka saba baadaye h ile ni nzito
kuliko sanduku langu kwenye mizani ya Kavumu.
Niliipandisha ndege hadi Kinshasa,
maana Kinshasa ni nchi yangu
ila kutoka kwangu haina barabara.
Kwenye bahasha, picha mbili. Usitabasamu, alisema mpiga picha,
akitundika shuka jeupe la mkewe ukutani.
Onyesha masikio, wajue unasikia.

Dirisha namba nne. Kioo kinene.
Sauti ya konsula inatoka kitunduni
kama maji ya bomba letu, kwa vipande.
"Mume wako hulala upande gani wa kitanda?"

Nilitaka kusema: ndani ya simu.
Hulala ndani ya simu, upande wa chaji,
saa nane zangu za usiku zikiwa jioni yake ya Ayowa,
nami nimeiegemeza kwenye kopo la maziwa
ili amwone mtoto akikoroma.

Nikasema: upande wa ukuta.
Akaandika.

Kisha akaweka karatasi mbili sambamba.
Kidole kikatembea, kikasimama.
"Hawa ni watu wawili."

Nilimweleza. Kwa Kishi, murhula ni utulivu,
ule wa nyumba usiku ambao bunduki zimenyamaza
na unasikia mchwa wakila mlango.
Alisikiliza kwa adabu. Adabu haina muhuri.
Akapitisha chini ya kioo karatasi ya kijani:
hukumu ya mahakama, jina lirekebishwe, urudi.

Pesa ya kurudi sijaiona bado.

Hapa Bukavu mvua imekata njia ya Funu tena.
Asifiwe amejifunza kuandika. Kwa mkaa, ukutani,
anapanga jina la baba yake ambaye hajamgusa,
na h anaiweka, kubwa kuliko zote,
ngazi yenye kipago kimoja.
"Mama, hii inasomwaje?"
Haisomwi, namwambia.
Iandike tena. Pale chini ya dirisha,
mvua isipofika.