Dawa ya Deni

Mbwa wetu anaitwa Deni
kwa sababu Lwaboshi alikosa dola arobaini
akatuletea kitoto cha mbwa ndani ya kofia,
na mume wangu, asiyejua kukataa,
akakipokea kama mtu anayepokea risiti.

Juzi, saa mbili ya usiku, Kadutu yote bila umeme,
nikasikia chini ya meza ya cherehani
kitu kinavunjikavunjika kama majani makavu.
Nikawasha simu.
Deni. Na boksi la chokoleti
alilotumiwa Nabintu na mchumba wake kutoka Liège,
nyeusi, ile chungu ya watu waliosoma,
vibao vitatu tulivyovitunza kwa siku ya posa.
Vimekwenda. Na boksi limekwenda. Na karatasi ile ing'aayo.
Utepe mwekundu umebaki nusu,
umekatwa na meno.

Nusu nyingine? Uliza tumbo.

Majirani wakaja, kila mmoja na dawa yake.
Mama Faraja: mnywesheni mawese.
Papa Cirhuza: chumvi, kijiko kizima, atatapika hata dhambi.
Mwingine: mwacheni, mbwa hula mpaka viatu
na sijaona kiatu kilichoua mbwa.
Nabintu alikuwa analia.
Sikujua anamlilia nani.

Nikampigia Daktari Zihindula,
yule aliyezoea ng'ombe wa Walungu.
Sauti yake ikaja na usingizi ndani:
Chumvi hapana. Itamuua kabla ya chokoleti.
Mafuta hapana. Kidole kooni hapana.
Niambie: amekula saa ngapi? Nyeusi kiasi gani?
Na mbwa ana kilo ngapi?

Kilo ngapi! Nani huku kwetu amewahi kupima mbwa?

Tukateremka ngazi za udongo, mvua imetoka kuacha,
mpaka kwa Mama Ciza, muuza maharage.
Akasema mizani hii ni ya chakula.
Kisha akamtazama Deni, ulimi nje,
akatandika gunia.
Kumi na moja. "Na nusu," akaongeza,
maana hapunji mtu, hata mbwa.

Soma karatasi, daktari akasema.
Kipande kilichobaki kilikuwa na namba: themanini na tano.
Akanyamaza. Nikamsikia akitafuta viatu.
Msingoje atetemeke. Tukutane Nyawera.

Pikipiki moja: dereva, mimi, na Deni katikati
amefungwa kitenge kama mtoto mchanga,
moyo wake ukipiga kwenye tumbo langu
kama cherehani ya fundi aliyechelewesha nguo ya harusi.

Sindano moja, kwa mwanga wa simu mbili.
Deni akatapika kando ya lami: weusi, boksi,
vipande vinavyong'aa, sijui vingapi.
Daktari akavihesabu kwa kijiti.
Utepe haukuwamo.
Huo utapita, au utagoma, akasema.
Akitapika tena, akikataa kula, tumbo likiwa gumu, nipigie.
Ukiuona unachungulia nyuma, usiuvute.
Utumbo si uzi.
Akamnywesha makaa, ya hospitali, si ya jikoni;
alisema hivyo akinitazama mimi,
maana alishaona ninavyowaza.

Dola kumi na tano. Nilikuwa na nne.

Usiku kucha nilikaa na mkono juu ya mbavu zake.
Alihema, akatulia, akahema.
Nilimtukana polepole, kwa majina yote,
nisije nikamwamsha.

Leo asubuhi, nyuma ya choo,
utepe ulitoka wenyewe, mwekundu vilevile.
Nabintu akacheka mpaka akaketi chini.
Sasa anamwandikia mchumba wake, anafuta, anaandika tena.

Walisema dawa ya deni kulipa.
Hawakusema alipe nani.

Mchana Lwaboshi akapita, akasimama mlangoni,
akampigia mbwa mluzi kama ndugu yake.
"Deni langu," akauliza, "linakua?"
Sikuinua macho kwenye mshono.
"Linakula," nikamwambia.