Skrubu

Juma hili kwangu lilianza Jumatano.
Jumatatu na Jumanne zilikuwepo, sikatai,
kalenda ya ukutani inazo,
ila nilikuwa na mafua
na ninachokumbuka ni pua.

Jumatano, basi, lifti ya mlimani imekufa tena.
Kibao cha mkono kimening'inia: KESHO.
Kibao hicho nakijua, kina miaka miwili.
Nikashuka ngazi mia moja arobaini na nne
(nazihesabu ili nisizilaani),
Valparaíso nzima imejifunika ukungu hadi kidevuni,
na mbwa wa ngazi ya tisini, asiye wa mtu,
akanisindikiza hadi sokoni
kama askari aliyetumwa kuhakikisha nimefika.

Karakana ya miwani ya Don Eleuterio
ina meza tatu, dirisha moja, redio yenye kikohozi.
Mimi husaga lenzi.
Siku hiyo ya kushoto niliisaga kwa vipimo vya kulia,
lenzi ghali, ya mwalimu wa jiografia.
Don Eleuterio hakugomba.
Aliishika mbele ya taa, akaigeuza, akasema,
"Sasa tumtafute mtu aliyezaliwa kinyume, Yasna."
Afadhali angegomba.

Alhamisi skrubu ikanidondoka.
Skrubu ya fremu ni ndogo kuliko chawa
na ina akili kumzidi.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
nikainama, nikapiga magoti, nikalala kifudifudi,
nikapangusa sakafu kwa shavu.
Skrubu sikuiona.
Niliona peso mia,
kifuniko cha kalamu nilichomsingizia Ninoska tangu Machi,
na kiatu changu cha kulia, kwa karibu,
kimeachama mdomo.
Nikainuka tajiri, mwenye haya, bila skrubu.
Ninoska nilimpa nusu ya andazi langu
wala sikumwambia ni la nini.

Saa tisa ardhi ikatikisika, kidogo tu.
Vikombe vikanong'onezana juu ya visahani.
Sote tukasimamisha mikono hewani,
tukisikiliza kama wenye nyumba
waliosikia mlango ukibishwa.
Ulikuwa wa jirani.
Ninoska akaendelea kutafuna.

Ijumaa mshahara haukuingia.
Benki, walisema, na neno hilo likatosha.
Nikazihesabu sarafu, ile peso mia ikiwemo,
nikanunua parachichi moja, gumu kama goti,
nikaliviringisha kwenye gazeti, kurasa za michezo,
labda litaiva kwa hasira.
Usiku gesi ikaisha nina povu masikioni.
Nilipiga kelele. Ukuta wa pili mtu akacheka,
kisha akagonga mlango,
ameshika birika la maji ya moto, amefumba macho kwa adabu.
Bado simjui jina.

Jumamosi mwalimu alikuja kuchukua miwani.
Nilidhani atatazama bahari, kama wote.
Akatazama mikono yake.
"Kumbe," akasema.
Akaigeuza viganja juu, viganja chini.
"Kumbe."
Akalipa, akatoka bila kuaga,
nami sikujua kama kazi yangu ilikuwa nzuri
au ilikuwa nzuri mno.

Lakini lifti ilifufuka!
Nilipanda peke yangu, mkate wa moto kifuani,
kile kisanduku cha mbao kikilia *kwii, kwii*,
mapaa ya mabati yakishuka moja moja
na nguo za watu zikinipungia mikono.
Mshahara uliingia nikiwa katikati ya mlima;
simu ilitetemeka, nikadhani ni ardhi.

Leo Jumapili nimebonyeza parachichi.
Bado.
Nimekula mkate mtupu, umenoga.
Nimevua kiatu chenye mdomo nikitafuta gundi,
nikakikung'uta,
na kitu kikasema *ti* sakafuni,
kikang'aa, kikabiringika, kikaingia
mvunguni mwa kitanda.

Nimekiona kilipoingia.
Chai ingali ya moto.
Nitainama baadaye.