Hela Ishirini

Nimeikuta chini ya kibuyu cha chumvi,
ndani ya kitambaa cha kaniki kilichochakaa:
duara lisilotimia,
taji limelala upande kama kofia ya mlevi,
na ile ishirini, sifuri yake imeliwa nusu
na nyundo ya mtu aliyekuwa na haraka.

Babu Nnunduma alilipwa hii Mahiwa.
Hapana, si Mahiwa. Alilipwa Nyangao;
Mahiwa alibeba tu masanduku ya risasi kichwani
siku nne, bila ugali.
Aliyemlipa alisema kwa Kiswahili cha kambini:
"Serikali imezingirwa. Fedha haizingirwi."

Akashuka nayo Lindi kwa miguu, vita vilipopoa,
hadi dukani kwa Jivanji, akitaka chumvi.
Jivanji aliigonga juu ya ubao, akatega sikio.
Rupia hulia.
Hii ilikohoa.

"Ganda la mzinga hili," akasema,
"wamelikata, wakalipiga muhuri."

Babu alikuwa mrina asali, Mmwera wa Mnero.
Mzinga aliojua yeye ni gogo, moshi na subira.
Akauliza, "Na nyuki wake walikwenda wapi?"
Jivanji hakucheka.
Akanyoosha kidole upande wa bara,
kule alikobaki Likambale,
mdogo wake babu, aliyetobolewa kama sega.

Akampa chumvi kidogo, ya bure,
na shaba akamrudishia.

Bibi Abiti Mchopa hakuwa mtu wa kutunza kumbukumbu.
Alikuwa na chungu.
Kwa hela ile alikwangua ukoko miaka arobaini,
ndiyo maana ukingo mmoja una makali
na mwingine bado mnene, mjinga,
kama ulivyotoka kiwandani,
kama kilikuwa kiwanda.

Hakuna duka lililoipokea. Neno tu ndilo lililopita.
Juzi mnadani Mtama, korosho zimepimwa,
watu wamekaa juu ya magunia wakikodolea simu:
"Hela imeingia?"
"Bado."
"Hela yangu imeingia?"
Nikataka kuwaambia wanataja nini.
Nikanyamaza; na mimi nilikuwa naisubiri.

Usiku wali umeungua.
Nimetafuta mwiko, sikuuona.
Nikafungua kaniki.