Gurudumu la Mbele

Hatua ya tatu: Arusha mpaka Moshi.
Namba sitini na moja imebanwa mgongoni kwa pini nne,
ya tano imenichoma, nimeiacha hapo hapo.

Kazi yangu ni maji. Watu hawalijui hilo,
wanadhani sote tunashindana.
Narudi nyuma kwenye gari la timu, najaza chupa
kifuani, kiunoni, shingoni mwa jezi,
natuna kama mwizi wa mahindi,
kisha nalifukuza kundi mpaka nilipate.
Nasieku wa Monduli anapokea, anakunywa, hageuki.
Si jeuri. Macho yake yana kazi nyingine.

Usa, Maji ya Chai, Kikatiti.
Upepo wa King'ori unatupiga ubavuni,
tunajipanga mshazari,
kila mmoja kajibanza penye kiuno cha mwenzake.

Jana usiku nilimwomba:
kesho, pale Kwasadala, nipe dakika mbili za mbele.
Nyumbani ni pale. Shangazi Ndeshi anauza ndizi
karibu na bango la saruji.
Hajawahi kuniona nikiwa mbele ya kitu.
Akacheka. "Chukua tatu."

Boma Ng'ombe ilipobaki nyuma nikasogea,
nikapita mabega, mabega, jasho la wageni,
mpaka mbele kukawa hakuna kitu
ila lami, na pikipiki ya refa.
Nikaliona bango. Nikaiona kanga ya shangazi,
ile ya msiba wa babu,
nikainua mkono mmoja kutoka kwenye usukani

na nyuma yangu: psss.
Sauti ndogo. Chai ikimwagikia kaa la moto.

Nilijua kabla sijageuka.
Gari letu lilikuwa mbali, limezibwa na magari ya wengine.
Nikafunga breki. Sekunde kumi na moja:
yeye kachomoa lake, mimi langu,
gurudumu langu la mbele likaingia kwenye uma wake,
nikamsukuma mpaka pumzi zikaniishia.
Akaenda.

Nikabaki nimeshika baiskeli yenye mguu mmoja
mbele ya shangazi,
mbele ya soko zima la ndizi,
mbele ya Mwalimu Kweka aliyenifundisha hesabu
na ambaye sasa alikuwa anahesabu.

"Anasia. Wenzako wako wapi?"
"Wamekwenda."
"Na tairi?"
"Limekwenda nao."
Mama mmoja akaanza, "Mbio za sakafuni..."
Shangazi akamkata jicho,
methali ikafia ukingoni kwake yenyewe.

"Umempa nani?"
"Kapteni."
"Wa kwetu?"
"Wa Monduli."

Akafikiri. Shangazi hafikiri haraka
hata mteja akiwa na noti mkononi.
Akachagua mkungu, akachuma mbivu mbili:
moja nile,
moja nimpelekee yule mwenye tairi langu.

Niliingia Moshi dakika kumi na tisa baada ya wote,
penye mnara wa saa wakikunja mabango.
Mtu wa matokeo aliazima kalamu ndipo akaniandika:
wa sitini na mbili.
Chini yangu jina moja, limepigwa mstari.

Nasieku alibaki na jezi ya chungwa, kwa sekunde nne.
Ndizi ilikuwa imepondeka mfukoni mwangu.
Aliila hivyo hivyo, na ganda akalilamba.

Usiku akaja chumbani, hosteli ya Rau,
na gurudumu mkononi. Ameliosha.
Nani huosha gurudumu la mchota maji?
Ila alisahau spoku moja, ile niliyoifunga uzi mwekundu:
pale vumbi limekaa bado,
vumbi la Weruweru, la kilomita zile za mwisho
ambazo gurudumu langu liliziona likiwa mbele ya watu wote
na mimi sikuziona.

Sijalifuta.
Kesho ni Marangu, kupanda tu, chupa kumi na nne.
Shangazi amepiga simu mara mbili.
Haulizi nilikuwa wa ngapi.
Anauliza kama yule msichana alikula.