Indyukosi

Mahakama ya Makadara, chumba cha tatu,
Novemba imebakisha siku tisa.
Hakimu anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya joho,
kisha anatamka, taratibu, kama mtu anayekunja kitambaa,
kwamba kielelezo namba mbili
kitarejeshwa kwa mwenyewe in dyu kosi.

Kielelezo namba mbili ni cherehani.
Cherehani ya miguu, nyeusi, maua ya dhahabu yamefifia ubavuni,
iliyoibwa Maringo, ikapatikana Gikomba
chini ya marobota ya mitumba,
ikafungwa kikaratasi kwenye gurudumu
kama maiti ya hospitali.
Mwenyewe ni Mutheu Nzioka, utepe wa futi shingoni.
Ananitazama mimi, si hakimu.

Mimi ni mkalimani. Miaka kumi na tisa
nimesimama kati ya midomo miwili
nikiapa kutoongeza, kutopunguza.
Wezi nimewatafsiri, na walevi,
na mashahidi waliokana macho yao wenyewe.
Lakini hilo fungu la maneno matatu
hunikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Nikisema "baadaye", nimelivua joho heshima yake.
"Kwa wakati ufaao": unaomfaa nani?
"Hivi karibuni": huo ni uwongo, nami nimeapa.
"Wakati wake ukiwadia": hapo nasikika
kama padri kwenye makaburi ya Lang'ata.
Ni mlango ule ambao mwanga unauona chini yake,
vikombe vya chai unavisikia vikigongana ndani,
ila kitasa hakipo upande wako.
Na Kiswahili changu nacho kina ile -ta-,
ki-ta-rejeshwa,
silabi moja, isiyo na kalenda.

Nikasema, "Kwa wakati ufaao."
Mutheu akashukuru, akatoka.

Kesho yake nikamkuta koridoni.
"Kaka, huyo Indyukosi ana ofisi orofa ya ngapi?
Karani ananiambia Indyukosi, mlinzi wa stoo ananiambia Indyukosi.
Nimemuuliza hata muuza njugu pale langoni."

Sikucheka. Nikamweleza si mtu, ni wakati.
"Wakati gani?"
"Wakati... wake."

Akauvuta utepe, akaukunjua mbele ya pua yangu.
"Mimi ni fundi. Mtu akiniambia nguo iwe ndefu kiasi,
namuuliza kiasi ni inchi ngapi.
Nina sare arobaini na mbili, kijani na kijivu,
Januari shule zinafunguliwa.
Hao watoto waende na mashati yasiyo na mikono,
waambiwe mikono inakuja in dyu kosi?"

Usiku nikagaagaa. Nasimiyu akaniuliza nasumbuliwa na nini.
"Kielezi," nikamwambia.
Akasema, "Kunywa maji ulale."

Jumatatu kesi ikatajwa tena.
Miwani, ncha ya joho, maneno yale yale.
Chumba kikaningoja. Feni ikazunguka, ikalia, ikazunguka.
Nikafungua kinywa, na tafsiri iliyotoka
ilikuwa na sauti yangu, ingawa sikuituma:
"Alhamisi. Saa nne asubuhi."

Ndani ya faili, Kiingereza kimelala salama.
Kwa Mutheu, korti imesema Alhamisi.

Na Alhamisi, saa nne kasorobo, huyo amefika
na mkokoteni, na kijana wa kuusukuma,
na blanketi la kumfunika mgonjwa wake.
Mlinzi wa stoo akasoma faili, akajikuna shingo.
"Mama, hapa sioni siku."
"Muulize yule," akasema,
akaninyoshea utepe.

Ningeweza kusema nilikosea. Ulimi huteleza,
hata wa serikali.
Nikaitazama saa ya ukutani, iliyokufa zamani saa mbili na robo,
nikasema, "Ndiyo. Ni leo."

Mlinzi akaanza kujaribu funguo,
mmoja baada ya mwingine, kutoka kitita kikubwa kama ngumi,
na hakuna aliyethubutu kumuuliza
atachukua muda gani.